Siku Zulma Arrieta Alipopanda Farasi Jike

Ukinikuta leo dukani kwangu ukaniuliza habari za Zulma Arrieta, nitakuuzia mkate kwanza, kisha nitakusogezea kiti, maana habari zake si za kusikilizwa umesimama mlangoni. Wengi hapa Paso del Tala watakusimulia ile ya sikukuu tu, jinsi alivyotuacha midomo wazi wanaume kumi na wanne mbele ya kanisa. Nami nilikuwa mmoja wa hao kumi na wanne. Lakini mtu haanzi kuishi siku anapokushtua. Alikuwepo miaka yote, wewe tu hukuwa ukimtazama.

Zulma ni mshonaji. Suruali pana za kupandia farasi zinazovaliwa mji huu, karibu zote zimepita kwenye cherehani yake. Amenipima kiuno kwa miaka ishirini na mitatu, na anajua kuliko mke wangu ni mwaka gani nilianza kula mikate yangu mwenyewe kupita kiasi. Hasemi. Anavuta tepu, anaandika tarakimu, anakunja mdomo kidogo, basi umeshajua.

Kabla ya cherehani alikuwa binti wa mtu aliyekuwa akiwafunza farasi wakali, ng'ambo ya mto, kwenye shamba moja kubwa la ng'ombe. Akaolewa na Tránsito, fundi wa kujenga nyua za waya, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ndiyo sababu mimi humwita shemeji. Tránsito alikufa miaka sita iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu, na farasi wake akafa kwa uzee msimu wa baridi uliofuata. Zulma akabaki na nyumba ya vyumba viwili, cherehani, na Bundi.

Bundi ni farasi jike wa rangi ya majivu, mwenye macho makubwa ya duara na sikio la kushoto lililokatwa ncha na waya. Huyo ndiye mama wa kundi. Sisi wenye farasi ni kumi na wanne, na farasi wetu, wote madume waliohasiwa, wanalala katika uwanja mmoja wa malisho kando ya reli isiyopitiwa na treni siku hizi. Bila jike wa kuwaongoza wangetawanyika hadi mtoni. Bundi alivaa kengele shingoni, na pale alipo Bundi, ndipo walipo wote.

Hilo halikuja lenyewe. Kila mmoja wetu aliponunua farasi mpya, alimpeleka kwa Zulma. Yeye alimfunga shingo kwa shingo na Bundi, kwa mkanda mfupi wa ngozi, siku ishirini. Wale pamoja, wanywe pamoja, wanyeshewe pamoja. Farasi wangu mwekundu, jina lake Bizcocho, siku tatu za mwanzo alipiga mateke mpaka nikaomba afunguliwe. "Basilio, nenda ukakande unga," Zulma aliniambia. Siku ya ishirini na moja alifunguliwa, na hakwenda popote. Alisimama pale pale, pua yake kwenye shingo ya Bundi.

Tangu Tránsito afe, Zulma alikwenda malishoni kila siku kabla jua halijachomoza. Alikagua kwato, alitoa miiba, alipaka dawa vidonda. Ulikuwa unapita kwake kuchukua suruali, unaambiwa: "Wako anachechemea mguu wa nyuma, umempigilia chuma cha kwato vibaya." Na Jumapili, tulipotaka kupanda, alikuwa anamshika Bundi kwa kamba na kutembea naye polepole hadi zizini. Farasi wote kumi na wanne walifuata kwa mstari kama watoto wa shule. Robo saa, na kila mtu alikuwa ameshatandika.

Jambo moja lazima uliweke akilini, la sivyo hutaelewa kwa nini tulishtuka. Kwetu, mtu hapandi farasi jike. Jike ni wa kuzaa na wa kuongoza kundi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wala hakuna anayehitaji kuandikiwa. Mjomba wangu Saturnino, mwaka wa mafuriko, alimpanda jike wa jirani kwenda kumleta daktari, kwa kuwa madume yote yalikuwa ng'ambo ya maji. Daktari alifika, mkewe akapona, mtoto akazaliwa salama. Na Saturnino aliitwa Saturnino wa Jike mpaka siku tulipomzika. Hata mazikoni mtu mmoja alilikumbusha jina hilo, watu wakaziba midomo kwa kofia.

Sasa, mwenyekiti wa chama chetu cha wenye farasi ni Heriberto Ledesma, muuza chanjo za mifugo na chumvi ya kulamba. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kuonekana. Wiki mbili kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa mji alituita kwenye stoo yake, tukakaa juu ya magunia, kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya kunyonywa kwa mrija, kikizunguka mkono kwa mkono.

"Ndugu zangu," akaanza, "mwaka huu wenzetu wa Villa Quebracho wanakuja kututazama. Wana jike mweupe kama maziwa. Sisi tutatoka na nani? Na yule bibi kizee mwenye sikio la mbwa?"

"Sikio halipigi kengele, Heriberto," alisema mzee Ciriaco, mkubwa wetu kwa umri.

"Kwa heshima yako, mzee, hata wewe ukienda harusini unavaa shati jipya."

"Mimi harusi ya mwisho niliyokwenda ilikuwa yangu. Ilinitosha."

Tulicheka. Heriberto naye alicheka, kisha akatoa habari yake: alikuwa ameshanunua jike mweupe, mwenye miaka mitano, aitwaye Princesa. Na kwa kuwa majike wawili huligawa kundi, Bundi angelazimika kutoka malishoni Jumatano ya wiki ya sikukuu.

Zulma alikuwa mlangoni, tepu shingoni, suruali nne zimekunjwa mkononi. Alikuja kuzileta tu.

"Na aende wapi?" akauliza. "Ua wangu hautoshi hata kuanika shuka mbili."

"Mama Zulma, hilo nimeshalifikiria," akajibu Heriberto, uso umejaa wema. "Nimempigia simu yule wa lori la kijani. Atapita kwako Jumanne baada ya sikukuu. Hutahangaika hata kidogo."

Sote tunalijua lori la kijani. Linachukua farasi wazee, na haliwapeleki malishoni. Nikatazama magunia. Halafu Heriberto akasema, "Wanaokubali?" na mikono ikaanza kupanda, mmoja, mwingine, na wangu ukapanda nao. Ningependa kukuambia nilishindwa kuuzuia. Niliunyanyua mwenyewe.

Zulma alituzungushia macho mpaka akafika kwangu.

"Basilio," akasema, "yako nimeipunguza urefu. Kaijaribu." Akaziweka suruali juu ya gunia, akatoka.

Jumatano alikwenda malishoni, akamvua Bundi kengele, akaitundika kwenye mwiba wa uzio ili Heriberto aikute, akaondoka na mnyama wake kwa kamba. Siku hizo nne Bundi aliishi kwenye ua wa nyumba, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, akila majani aliyokatiwa kando ya barabara.

Heriberto alimvisha Princesa kengele ile ile. Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea sote, si yeye peke yake. Tulidhani farasi wanafuata kengele. Hakuna aliyewafunga shingo kwa shingo na Princesa hata siku moja. Nani ana siku ishirini? Farasi wetu walimng'ata mgeni wa watu, wakamfukuzia kona ya mbali, kisha wakaenda kujipanga kwenye uzio wa upande wa mjini. Walisimama pale mchana kutwa, vichwa vimeelekea nyumba ya Zulma. Bizcocho hakula. Nilimpelekea karoti, akaitazama kana kwamba nimemtukana.

"Watazoea," alisema Heriberto.

Jumapili asubuhi tulihitaji saa mbili kuwakamata. Wanaume wazima, suruali zimepigwa pasi, tunakimbia matopeni na kamba za kunasia. Mzee Ciriaco alikaa juu ya lango akituhesabia maanguko. "La sita! Amka, kijana, bado hujafika chini vizuri!" Tulipomaliza kutandika, nusu yetu tulikuwa na rangi ya uwanja.

Lakini tulipoingia mjini, jamani, tulipendeza. Tulizunguka uwanja wa kati, kofia kichwani, visu vya fedha viunoni, na mbele kabisa Heriberto juu ya dume lake jeusi, kamba ya Princesa mkononi, kengele ikilia. Watu wa Villa Quebracho walikuwa wamejipanga kando. Mke wangu Nilda alinipungia. Padri alikuwa ametoka hadi ngazi za kanisa na ndoo ya maji ya baraka, kwa sababu ndiyo desturi: kila farasi anayepandwa hupita mbele yake na kunyunyiziwa. Mama wa kundi hajawahi kubarikiwa hata mara moja. Yeye hapandwi, kwa hiyo hupitwa.

Tulikuwa tumesimama mbele ya ngazi, padri amenyanyua mkono, ndipo kelele za watu zikakatika. Zilianza kukatika upande wa barabara ya duka la nyama, zikaja zikikatika kuelekea kwetu, mpaka nikamsikia mtoto mchanga akilia mbali na hakuna sauti nyingine.

Zulma alikuwa anakuja katikati ya barabara, amempanda Bundi.

Sikuamini. Nilifikiri labda anamwongoza na mimi naona vibaya. Lakini alikuwa juu, kwenye tandiko la Tránsito, na ngozi ya kondoo, na hatamu za Tránsito. Amevaa suruali pana nyeusi aliyojishonea mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na nane. Amekaa wima. Hakukaa kama mtu anayejaribu. Bundi alitembea chini yake laini, shingo imejikunja, kana kwamba ameitembea barabara hiyo maisha yake yote.

"Maria mtakatifu," alisema mtu nyuma yangu. "Jike."

Mtu mmoja wa Villa Quebracho akaanza kucheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akanyamaza.

Heriberto aligeuka rangi. "Shuka!" akapiga kelele. "Mama Zulma, shuka hapo! Unatuaibisha mbele za wageni!"

Aliyemjibu ni Bundi. Alinyanyua kichwa akatoa mlio mmoja mrefu, wa mama anayeita.

Ndugu yangu, nimepanda farasi tangu nikiwa na miaka minne. Nimewahi kuangushwa, kukanyagwa, kuburutwa. Lakini sijawahi kuhisi nilichohisi pale. Bizcocho alitetemeka chini yangu kutoka kwato hadi masikio, akaitikia kwa mlio uliopita mpaka kwenye mifupa yangu, akageuka. Nilivuta hatamu kwa mikono miwili. Alipinda shingo mpaka pua yake ikagusa buti langu, na bado miguu yake ilikwenda kule kule ilikotaka. Nikatazama kulia: kofia ya mzee Ciriaco imeanguka, farasi wake anakwenda. Nikatazama kushoto: vivyo hivyo. Kumi na wanne. Hatukuwa tena wapandaji, tulikuwa mizigo.

Heriberto alichelewa kuiachia kamba ya Princesa. Dume lake likavuta huku, Princesa akavuta kule, na mwenyekiti wetu akanyooka katikati kama suruali kwenye kamba ya nguo, mpaka akaiachia kwa kilio. Princesa, na kengele yake shingoni, akapanda ngazi mbili akaanza kula maua yaliyowekwa mlangoni mwa kanisa.

Farasi walimzunguka Bundi wote. Walimsukuma, walimnusa, walimwekea videvu mgongoni. Miguu yetu ilibanana, vikuku vya kuwekea miguu vikigongana. Nilijikuta goti kwa goti na shemeji yangu.

"Habari za asubuhi, Basilio," akasema. "Naona suruali inakutosha."

"Shemeji, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimekuja kupata baraka." Akainua sauti, siyo sana, lakini uwanja mzima ulisikia. "Padri! Jumanne huyu anachukuliwa na lori la kijani. Amewalea hawa wote na hajanyunyiziwa hata tone. Nikaambiwa wanaobarikiwa ni wanaopandwa. Basi, huyu hapa, amepandwa."

Padri, maskini, alitazama ndoo, akatutazama sisi, akashuka ngazi. Alijipenyeza kati ya matumbo ya farasi, akamfikia Bundi, akamwagia maji kichwani kwa kiganja chake, kwenye lile sikio lililokatika. Nilimwona Zulma akivua kofia. Akainama, akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya Bundi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kutukomoa. Alikuja kumuaga.

"Haya," akasema, "mimi nimemaliza. Endeleeni na sikukuu yenu."

Tungeendeleaje? Tulijaribu. Ciriaco alipiga mbavu za farasi wake kwa visigino, farasi akampigia mkia. Mwingine alishuka ili avute kwa mkono, akavutwa yeye. Watu wa Villa Quebracho sasa walikuwa wanacheka bila kujizuia.

"Ondoka nao basi!" Heriberto alisema, kofia imemkaa upande. "Watoe hapa!"

"Niwapeleke wapi? Malishoni mmenifungia. Uani kwangu kuna nafasi ya shuka mbili."

"Zulma," aliuliza mzee Ciriaco, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu, "huyo mnyama ana miaka kumi na tisa. Umemfundisha lini kupandwa?"

"Tangu Tránsito afe. Kila alfajiri. Mlidhani nilikuwa nakwenda malishoni kutoa miiba tu?"

Miaka sita! Nilikuwa naamka saa tisa kuwasha tanuri, nikimwona akipita gizani na kamba begani, nikimwonea huruma: mjane, peke yake, na baridi hii. Kumbe kule nyuma ya reli alikuwa anakwenda shoti. Nilijihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukiingia.

Ciriaco ndiye aliyekohoa wa kwanza. "Mimi napendekeza tupige kura upya."

"Hapa?" Heriberto akashangaa. "Juu ya farasi? Mbele ya watu?"

"Una mahali pengine pa kwenda?"

Kweli hatukuwa na mahali. Ciriaco akauliza nani anataka Bundi arudi malishoni. Safari hii sikuangalia pembeni. Niliachia hatamu, maana hazikuwa na kazi, nikanyanyua mkono juu kabisa. Nikamsikia Nilda kutoka kando: "Na ule mwingine, Basilio!" Watu wakacheka. Nikanyanyua na wa pili.

Mikono kumi na mitatu. Heriberto alibaki amekaa, taya limemkaza, dume lake jeusi limelaza kichwa kwenye paja la Zulma.

"Hata huyu wako ananijua," Zulma akamwambia taratibu, akilipapasa dume. "Nilimtoa mwiba mwezi wa pili. Ulikuwa safarini."

Heriberto alitazama mkono ule ukipapasa. Kisha akanyanyua wake, kidogo tu, usawa wa bega.

"Haitoshi," akasema Zulma. "Mpigie yule wa lori. Sasa hivi, nikisikia."

"Leo sikukuu, mama."

"Mimi sina haraka. Ninyi je?"

Alipiga. Mwenyekiti wa chama cha wenye farasi cha Paso del Tala, amebanwa katikati ya kundi, kidole kimoja kwenye sikio: "Halo? Ledesma hapa. Yule jike wa kijivu... hapana, usije. Usije, nasema. Kwa sababu wana chama wamekataa. Mimi? Nimo na mimi." Akaitia simu mfukoni. Mfuko ulikuwa wa kushonwa na Zulma, na simu ilizama yote, vizuri kabisa.

Basi akatuongoza. Aligeuza Bundi kwa shingo tu, bila kuvuta, akashika barabara ya reli, na sisi kumi na wanne nyuma yake, hiari hatuna. Wazee walitoka milangoni na vibuyu vyao kututazama. Mwanamke mbele, juu ya jike, na wanaume wote wa chama nyuma kama mkia. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo sikuweza kuacha kuutazama mgongo wake ulivyotulia.

Kwenye lango la malisho Heriberto alishuka akafungua mwenyewe. Farasi waliingia, tukawavua matandiko, na hakuna aliyethubutu kumkamata wake tena kwa ajili ya michezo ya farasi ya mchana. Wangemfuata Bundi tu. Kwa hiyo tulirudi mjini kwa miguu, siku ya sikukuu, kila mtu na tandiko lake begani, buti zikifinya. Kwa mtu wa kwetu, hilo ni karibu na kutembea uchi.

Nilitembea na Heriberto. Tulipovuka reli, akaniuliza:

"Ulikuwa unajua?"

"Nini?"

"Kwamba anampanda."

"Sikujua. Naapa."

Akabadilisha tandiko bega. Tukapita nyumba tatu. Mbwa mmoja alitubwekea, akatuacha.

"Ana mkao mzuri," akasema Heriberto, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Mzuri kuliko wangu."

Nilisimama katikati ya barabara. Yeye akaendelea kutembea, na tandiko lake, bila kugeuka nyuma.